Spika Kubwa Kuliko za Taratibu

Mke wa Fundi alirudi nyumbani saa kumi alasiri akiimba chini kwa chini, na balaa lote lilianzia hapo.

Kuimba kwenyewe hakukuwa kosa. Mama Mapacha alikuwa mwanamuziki. Alipiga dabobesi katika okestra ya mji, ile fidla kubwa kuliko mtu ambayo mpigaji husimama na kuikumbatia ndipo itoe sauti. Wapiga dabobesi walikuwa wanne, na yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Lakini siku zote akitoka mazoezini hurudi na bega linalomuuma na lawama kwa tarumbeta zilizomfunika. Siku hiyo alirudi mwepesi, kama aliyetuliwa mzigo.

"Kuna nini leo?" Fundi alimwuliza kutoka mezani.

"Nimejisikia, Baba Mapacha."

"Unajisikia vipi? Homa?"

"Homa gani! Nimejisikia mwenyewe. Sauti yangu." Akavua viatu, akajitupa kwenye kiti. "Taratibu alituita sisi wapiga besi wote wanne, akatupigia ile rekodi. Tangu nianze muziki sijawahi kujisikia vile. Ile noti ya chini kabisa, ile ambayo huwa inanitetemesha kifuani nikiwa napiga, leo imenitetemesha kifuani nimekaa tu kwenye kochi lake!"

Fundi akainua kikombe chake cha chai. Masikio yake yalisifika mji mzima. Katika kwaya ya watu arobaini aliweza kukuonyesha kidole yule mmoja aliyepotoka. Lakini katika maneno yote ya mkewe masikio hayo yalinasa mambo matatu tu: Taratibu, kifuani, kochi lake.

"Ana spika nzuri," akasema mwishowe.

"Nzuri? Kwa zile, hizi zako ni redio."

Alisema kwa utani, akacheka, akaenda kuoga. Fundi akabaki na kikombe cha chai mkononi mpaka chai ikapoa.

Tumtendee haki: Fundi hakuwa mtu wa wivu, au ndivyo alivyojijua kwa miaka kumi na sita ya ndoa. Kazi yake ilikuwa kuchanganya sauti. Anachukua sauti zilizonaswa na maiki mbalimbali, anazipima moja moja, hii ipande, hii ishuke, hii isogee kushoto, mpaka muziki usimame kwa miguu yake. Aliifanyia kazi hiyo katika chumba cha nyuma ambacho zamani kilikuwa stoo, hatua nne kwa hatua tatu, kuta zote zimebandikwa trei za mayai. Kwaya, matangazo ya redio, bendi za harusi, zote zilipita mle zikatoka zimenyooka. Spika zake mbili, ndogo kama mikate, zilikuwa na umri sawa na mapacha, na hakuna aliyewahi kuzilalamikia.

Taratibu naye alikuwa mtu wa kurekodi. Jina hilo alibandikwa chuoni, kwa sababu kila kitu alikifanya polepole. Walisema hata chafya huwa anaipangia siku. Alisoma darasa moja na Mama Mapacha. Alikuwa mrefu, hana mke, ana studio yenye kochi, na alikuwa na tabia moja iliyomkera Fundi kuliko zote: kila wakikutana alimwita "shemeji".

Shemeji kwa lipi? Undugu ulianzia wapi, na nani aliuandika?

Mwaka ule okestra ilipata nafasi ya kurekodi kazi yake kubwa ya kwanza, muziki wa dakika arobaini uliotungwa na kiongozi wao, mzee mfupi aliyevaa tai hata mazoezini na ambaye wote walimwita Mwalimu. Taratibu ndiye aliyerekodi, ukumbini, kwa maiki zake thelathini. Kuchanganya akapewa Fundi. Walikuwepo walionong'ona kwamba amepewa kwa ajili ya mkewe, na maneno hayo yalikuwa yamemfikia. Na sasa huyo mke amekwenda kuisikia kazi yenyewe kwa mwingine, akarudi akiimba.

Kesho yake asubuhi Fundi alikuwa mtu wa kwanza kuingia katika duka la vyombo vya muziki. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba, na biashara yake aliijua ndani nje.

"Unatafuta spika za nini, kaka?"

"Za kuchanganyia okestra."

"Hongera. Hiyo si kazi ya mchezo. Chumba chako kina ukubwa gani?"

"Cha kutosha."

"Cha kutosha ni hatua ngapi?"

"Dada, nanunua spika au nanunua chumba?"

Muuzaji hakukasirika. Alimweleza kwamba spika ya kuchanganyia haiwekwi ili inogeshe muziki. Inawekwa ili iseme kweli, kama kioo kinavyokuambia una makengeza. Okestra ina vya kunong'ona na vya kunguruma, kwa hiyo inataka spika isiyopendelea upande, na pengine sabufa moja ya kuzifikia zile noti za chini ambazo spika ndogo haziwezi. Lakini vyote hivyo vilingane na chumba. Besi kubwa ikiingia katika chumba kidogo hugonga ukuta, hurudi, hujikusanya, na anayesikiliza hajui tena lipi ni la muziki na lipi ni la ukuta. "Kaa hapa," akamwambia, "nikuwekee jozi mbili tatu usikilize."

Fundi hakukaa. "Taratibu alinunua zipi?"

"Yule mrefu? Zile pale. Lakini alikuja hapa mara sita kabla ya—"

"Nataka zinazozidi hizo."

"Zinazozidi kwa nini?"

"Kwa ukubwa."

Mama wa watu akavaa miwani yake, akamtazama vizuri. Kisha akaenda kuandika risiti. Mteja akishaamua kununua maradhi, muuza dawa afanye nini? Alimwambia tu kwamba ana siku kumi na nne za kurudisha, mradi maboksi yasitupwe.

Spika mbili zilikuja na gari, na sabufa mbili nyuma yake, kila moja kama jokofu la kijijini kwa bibi. Ilibidi mlango wa chumba ung'olewe kwenye bawaba ndipo ziingie. Zilipoingia, kiti cha Fundi kilibaki na nafasi ya kurudi nyuma kiganja kimoja. Alipowasha muziki kwa mara ya kwanza, vikombe jikoni vilianza kuhama kabatini na trei mbili za mayai zikabanduka ukutani.

Mama Mapacha alikuja mbio. "Kuna nini humu?"

"Unasikia?" Fundi aliuliza, jasho likimtiririka. "Unajisikia sasa?"

"Nasikia mpaka kwenye meno."

Fundi aliichukua kama sifa.

Akaanza kazi. Fidla zilikwenda vizuri, filimbi zikakaa, tarumbeta akazitia adabu. Tatizo likawa dabobesi. Kila alipozifungua, chumba kilijaa uvumo mzito, kama lori lililosimama nje ya dirisha bila kuzima injini. Akazishusha. Bado zikavuma. Akazishusha tena, na siku ya pili akazishusha zaidi, na siku ya tatu akakata kabisa zile sauti za chini mno, ndipo chumba kikatulia.

Na ukweli usemwe wote. Fundi alikuwa na miaka ishirini katika kazi hii. Mahali fulani kichwani alijua kwamba ukishusha chombo kiasi hicho lazima ujiulize kosa liko kwa nani. Hakujiuliza. Kila alipoivuta chini ile alama ya dabobesi kwenye kompyuta, aliliona lile kochi, na kuna kijisehemu cha moyo wake kilichopata raha. Mkewe alipoomba kusikiliza, alimwambia asubiri, asikie na wenzake.

Walisikia wote Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa mazoezi. Okestra nzima ilikaa kwenye viti, watu sitini na kitu, Mwalimu mbele na tai yake, Taratibu amesimama nyuma karibu na mlango. Muziki ukaanza. Sehemu ya kwanza watu walitikisa vichwa kwa furaha. Sehemu ya pili mpiga filimbi alifuta machozi. Sehemu ya tatu huanza na dabobesi peke yake, zote nne, zinatembea polepole kutoka chini kabisa. Mwalimu alikuwa amesema mara nyingi kwamba alitunga dakika zote arobaini kwa ajili ya dakika hiyo moja.

Dakika hiyo ikafika. Kilichosikika ni kama mtu anayeburuta ndala chumba cha pili.

Watu wakatazamana. Mpiga dabobesi mmoja akacheka kwa aibu, kisha akaona hakuna cha kuchekea. Mama Mapacha alikuwa akiitazama mikono yake.

Mwalimu akainua kidole, muziki ukasimamishwa. "Fundi. Besi zangu ziko wapi?"

"Zipo, Mwalimu."

"Zipo wapi? Umezibakiza kwako?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Fundi alitafuta uso mmoja usiocheka. Aliupata nyuma, mlangoni, na ukawa ndio uso ambao hakutaka kuuona. Mwalimu akampa wiki moja.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Mama Mapacha alitangulia kwa hatua za haraka. Walipofika alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akasimama katikati ya yale makabati meusi, akageuka.

"Umenifuta."

"Ni chumba, mke wangu. Humu ndani zinasikika, nakuapia. Njoo nikuwekee."

"Hukuzishusha?"

"Nilizishusha. Zilikuwa zinazidi."

"Ulizishusha kwa sababu zimezidi, au kuna jingine?"

Fundi akainamia nyaya sakafuni. Lilikuwepo jingine, na lilikuwa limemkaa kooni siku kumi. "Kwa nini ulikwenda kwake?"

"Aaa." Mama Mapacha akakaa juu ya sabufa moja. "Kumbe ndiyo hiyo. Ndiyo maana tumeletewa majokofu."

"Nijibu."

"Nilikwenda na wenzangu watatu, mchana kweupe, kusikiliza kazi yangu. Hakuna lililotokea na hakuna litakalotokea. Hilo ukitaka kiapo nitakupa. Lakini nilifurahi, Baba Mapacha. Nilijisikia, nikafurahi, na furaha hiyo siiombei radhi. Miaka kumi na sita wewe kazi yako ni masikio, na humu ndani hujawahi kunisikia hata siku moja."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa mengi. Alijiandaa kusikia jina la yule mrefu, alijiandaa kwa machozi, hata kwa begi kitandani. Kwa hili hakujiandaa, kwa sababu lilikuwa kweli tupu. Zile spika zake ndogo hazikuwahi kuzifikia noti za chini za mkewe. Miaka yote alisikia kivuli cha juu tu, ule mkwaruzo wa upinde kwenye waya, na mengine alikuwa akibuni.

Jumatatu alikwenda kwa Taratibu. Alizunguka jengo mara mbili kabla ya kubisha hodi.

"Karibu, shemeji," Taratibu akasema. "Kaa."

Kochi lilikuwa pale, la kijivu, limechakaa mkono mmoja. Fundi akabaki amesimama. "Nimeharibu kazi."

"Nilisikia."

"Nataka unisaidie. Lakini kwanza uniambie kitu kimoja. Kwa nini unaniita shemeji?"

Taratibu alizima kompyuta. Akazungusha kiti. Akavuta pumzi. Mtu mwingine angekuwa amejibu na kuaga.

"Chuoni nilimtaka," akasema. "Nilimwambia. Akaniambia ataniweka kama kaka yake, au asiniweke popote, nichague. Nikachagua. Ulipokuja kumwoa nikaanza kukuita shemeji." Akakuna kidevu. "Siyo wewe ninayekuambia. Ni mimi mwenyewe najikumbusha."

Fundi alisimama pale asijue ampige au amshukuru. Aligundua kwamba ngumi yake ya kulia ilikuwa imekunjwa tayari, na kwamba wivu wake, ambao kwa siku zote hizo alikuwa akiuona ni upumbavu, haukuwa upumbavu mtupu. Mwizi alikuwepo kweli. Ila mwizi mwenyewe ndiye aliyejifungia komeo, miaka kumi na sita, na ufunguo akautupa. Utamfanya nini mtu kama huyo?

Akakaa kwenye kochi. Lilikuwa kochi tu.

"Chumba changu ni kidogo," akasema.

"Twende tukakione."

Taratibu alisimama katikati ya chumba cha nyuma akapiga kofi moja, akasikiliza. Akasogea pembeni, akapiga jingine. Akazitazama trei za mayai kwa huruma. "Hizi zinazuia mbu," akasema. Kisha akazipapasa zile sabufa. "Shemeji, umefunga tembo kwenye banda la kuku, halafu unamlaumu tembo kwa kelele."

Zilirudi dukani siku ya kumi na tatu, ndani ya maboksi yake. Safari hii walikwenda watatu, na Mama Mapacha alibeba dabobesi yake. Wazo lilikuwa lake. "Mnabishana juu ya sauti yangu," alisema. "Basi sauti yenyewe iwepo."

Muuzaji aliwatolea jozi tatu za spika za wastani, zinazofaa chumba cha hatua nne, na sabufa moja ndogo iliyozibwa pande zote, isiyo na tundu la kupumulia. Alieleza kwamba zenye tundu hunguruma zaidi, ila zilizozibwa huanza noti na kuiacha kwa wakati. Mama Mapacha alisimamisha dabobesi katikati ya duka, akavuta noti ya chini kabisa, mara moja. Watu wa barabarani walisimama mlangoni. Kisha wakaweka rekodi ya mkono ule ule na noti ile ile, ipite jozi hadi jozi.

Jozi ya kwanza ilikuwa tamu mno. Noti ilitoka ya mviringo, ina asali. "Hii," Taratibu akasema baada ya muda mrefu. "Mimi ningechukua hii."

"Nzuri hiyo!" Mama Mapacha aliunga mkono. "Hata sikujua napiga vizuri hivyo."

Jozi ya pili ilipwaya. Ya tatu ilikuwa kavu, haina maneno mengi. Ilimtoa Mama Mapacha na mkwaruzo wa upinde, na pumzi aliyovuta kabla ya kupiga, na kidole chake cha tatu kilichochelewa kidogo.

Fundi akaitaka ya tatu. Papo hapo akajishuku. Je, nimeipenda, au nimeikataa tu ile ambayo wale wawili wamekubaliana? Wivu ulikuwa umemchagulia spika mara moja. Hakutaka umchagulie tena.

"Dada," akamwambia muuzaji, "nitageukia ukuta. Zipigishe unavyotaka, mbele nyuma, usiniambie ni ipi."

Akageuka, akafumba macho. Muuzaji akabadilisha. Nyuma yake Fundi alisikia Taratibu akijikohoza na mkewe akisogeza kiguu cha dabobesi. Akajilazimisha kuwasahau. Noti ikaja. Ikaja nyingine. "Hii," akasema. Zikachanganywa tena. "Hii." Mara ya tatu muuzaji alimtegea, akarudia ile ya pili mara mbili. "Hakuna hapo," Fundi akasema. Kisha, "Haya, hii sasa."

Alipogeuka, muuzaji alikuwa ameinua vidole vitatu. Mara zote tatu jozi ya tatu.

"Kwa nini?" mkewe aliuliza. Hakuwa akibisha, alitaka kujua.

"Ile ya kwanza inakupamba," Fundi akasema. "Nikiitumia nitaona kazi imekwisha kabla sijaianza. Hii inaniambia ulivyo, na kidole chako kilichochelewa."

"Kidole gani kilichochelewa?"

"Cha tatu."

Mama Mapacha akakitazama kidole. Taratibu akatikisa kichwa polepole, mara moja, mara mbili. "Mimi bado ningechukua ya kwanza," akasema. "Lakini wewe ndiye utakayekaa nayo."

Waliporudi nyumbani ikabaki mahali pa kuiweka sabufa, na hapo heshima yote ya Fundi iliwekwa kando. Taratibu alimwonyesha njia ambayo mafundi wengi huitumia. Unaiweka sabufa juu ya kiti chako mwenyewe, pale unapokaa kusikiliza, unapigisha dabobesi, halafu unatambaa chumba kizima kwa magoti, sikio karibu na sakafu. Mahali utakaposikia noti zote zinapanda sawasawa, pasipo moja kuruka wala nyingine kuzama, hapo ndipo sabufa ikae.

Wakatambaa. Wanaume wawili, mmoja mrefu kama ngazi, wakifuatana kwa magoti na viganja kuzunguka ukuta.

"Pembeni hapa inavimba."

"Toka hapo. Njoo chini ya dirisha."

"Dirishani noti ya tatu imekufa."

"Shemeji, unanikanyaga kidole."

Mapacha walichungulia, wakaona, wakamwita mama yao. Mama Mapacha alisimama kizingitini akacheka mpaka akashika mbavu, na Fundi, akiwa bado kwa magoti, hakujua anamcheka nani kati yao wawili. Kwa mara nyingine kitu kikamchoma. Akainamisha sikio, akaendelea kutambaa. Hatua moja na nusu kutoka pembeni, ukuta wa kushoto, alisimama. Noti zilikuwa zikipanda moja moja kama mtu anayepanda ngazi za nyumba yake mwenyewe.

"Hapa," akasema.

Taratibu akaja, akainama, akasikiliza. "Hapa," akakubali.

Kazi aliifanya upya yote, siku nne, mlango umerudishwa kwenye bawaba na blanketi nzito zimechukua nafasi ya trei. Alipozifungua dabobesi, zilikuwa zimelala vizuri chini ya muziki, hazipigi kelele, zinaubeba. Alimtambua mkewe kati ya wanne. Upinde wake ulianza kabla ya wenzake kwa unywele mmoja, kwa sababu yeye ndiye waliyemfuata. Miaka kumi na sita hakulijua hilo. Alirudisha sehemu hiyo mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.

Jumamosi, ukumbini, sehemu ya tatu ilipoanza, hakuna aliyetikisika. Besi zilitembea kutoka chini kabisa, zikapita sakafuni, zikapanda miguu ya viti. Mwalimu alifungua tai yake, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliona, akakaa nayo mkononi mpaka mwisho. Halafu akasema neno moja tu: "Zimerudi."

Mama Mapacha alikuwa amekaa safu ya tatu, na Taratibu, kwa bahati au vinginevyo, kiti cha pembeni yake. Fundi aliwaona kutoka kwenye mitambo. Mkewe aliinama akamwambia yule mrefu kitu, yule akatabasamu, na ule wivu ukamrudia Fundi kama zamani. Alidhani ugonjwa huo umemtoka. Haukuwa umemtoka. Baadaye alimwuliza mkewe kile alichomwambia Taratibu.

"Nilimwambia wewe ulichagua vizuri kuliko yeye," Mama Mapacha akasema. "Akakiri."

"Alikiri haraka?"

"Haraka? Yule?"

Mwezi uliofuata Taratibu alipata kazi ya kurekodi muziki wa filamu, akahitaji mpiga dabobesi mmoja, mzuri. Alimpigia simu Mama Mapacha, na Mama Mapacha akamwambia mumewe palepale mezani, bila kuzungukazunguka. Fundi alitafuna, akameza, akasema hiyo ni kazi nzuri. Siku ilipofika alimbebea dabobesi mpaka kwenye gari, akailaza juu ya viti vilivyokunjwa, akaifunga mkanda.

"Utarudi saa ngapi?"

"Nikimaliza."

Fundi akafunga mlango wa gari kwa mkono laini. Alisubiri mpaka gari likate kona, akaingia chumba cha nyuma, akawasha spika. Kulikuwa na kwaya ya watu ishirini inamsubiri, na mmoja wao alikuwa amepotoka.